Wosia wa kwenye daftari, hati ya nyumba na kijana mlevi: Mwalimu afanye lipi?

*Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63. Naishi Morogoro ila kwetu ni Machame. Ni Mlutheri, tulifunga ndoa kanisani mwaka 1992. Tuna watoto watatu: wavulana wawili wakubwa, na binti wa mwisho mwenye miaka 15. Kabla ya ndoa nilizaa binti mwingine. Mke wangu anamfahamu lakini ukoo haumtambui. Nyumba ya Morogoro tumeijenga tukiwa kwenye ndoa, ila hati ina jina langu peke yangu. Machame nina kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga) nilichokabidhiwa na marehemu baba. Mwaka jana nilipougua niliandika wosia kwenye daftari, nikawasainisha mke wangu na kijana mkubwa kama mashahidi. Kijana wa pili pombe imemteka, nimeandika kwamba hatapata kitu. Sasa kaka yangu anasema wosia ni uchuro, afadhali nihamishe hati ya nyumba iende kwa kijana mkubwa ili nikifa pasiwe na habari za mahakama. Rafiki yangu naye ananiambia niandikishe trasti kama matajiri wanavyofanya. Nifanye lipi?*

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja, na nilichokiona ni baba anayetaka mambo matatu: mke asije kutolewa nyumbani kwake, mabinti wawili wasisahaulike, na watoto wasifikishane pabaya. Nitakujibu moja kwa moja kwanza, kisha tuyachambue. Hati ya nyumba usiihamishe. Wosia wa daftari una nia njema, lakini uandike upya, kwa sababu mashahidi wake watawaumiza walewale unaotaka kuwalinda. Na hiyo trasti (amana, yaani mali kushikwa na mdhamini kwa faida ya mtu mwingine) huihitaji kwa namna anayoisema rafiki yako, ingawa kuna sehemu yake ndogo itakayokufaa sana.

Kuhusu uchuro, namheshimu kaka yako, lakini kwa wazee wa Kichagga baba kukaa na wanawe na kuwaonyesha nani atabaki na mgomba upi halikuwa jambo la ajabu. Wosia ulikuwepo kabla ya mawakili. Anachokiogopa kaka yako ni maneno yatakayozuka ukiwa hai, na hilo ni jambo la kweli. Tutalirudia kwenye suala la kijana wa pili.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawalijui kabisa. Tanzania Bara hakuna sheria moja ya urithi. Zipo tatu, na zinagawa mali ileile kwa namna tofauti. Ipo sheria ya mila iliyoandikwa kwenye matangazo ya serikali ya mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Ipo sheria ya Kiislamu. Na ipo sheria ya zamani iliyotoka India, ya mwaka 1865, ambayo mahakama zetu bado zinaitumia kwa wasioangukia kwenye hizo mbili, hasa Wakristo walioacha kuishi kimila. Usipoacha wosia, mahakama ndiyo itakayoamua wewe ni wa kundi gani, na tofauti yake si ndogo. Kwa sheria ya 1865, mjane hupata theluthi moja, na theluthi mbili zinagawanywa sawa kwa watoto, wa kike kwa wa kiume. Kwa kanuni za mila za 1963, mtoto wa kwanza wa kiume yuko daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti la tatu, na mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Imeandikwa kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Ukiwa Mkristo usijiaminishe kwamba moja kwa moja utahukumiwa kwa sheria ya 1865. Mahakama huangalia namna mtu alivyoishi. Kesi inayotajwa sana ni ya mirathi ya Innocent Mbilinyi, ya mwaka 1969. Alikuwa Mngoni, mke wake Mchagga, maisha yao yalikuwa Dar es Salaam, na Mahakama Kuu ikaona kwamba alikwishajitenga na maisha ya kimila, hivyo mila isitumike kugawa mali yake. Wewe umefunga ndoa kanisani na umeishi mjini kwa kazi ya ualimu, kwa hiyo upande huo una nguvu. Lakini una kihamba Machame, pengine unahudhuria vikao vya ukoo, na umekwishamwambia mtu kuwa utazikwa huko. Siku ya kesi, mtu anayetaka mila itumike atayataja hayo yote. Ndiyo maana nasema wosia wako uandikwe kwa namna itakayosimama hata kama sheria itakayotumika si ile uliyoitarajia.

Hapo tunafika kwa mashahidi, ambako daftari lako lina tatizo kubwa. Kwa sheria ya 1865, wosia unatakiwa uwe na saini yako, na mashahidi wasiopungua wawili walioiona ukiiweka au uliowathibitishia kuwa ni yako, nao wasaini mbele yako. Hadi hapo daftari linaweza kupita. Lakini sheria hiyohiyo inasema zawadi anayopewa shahidi, au mume au mke wa shahidi, inabatilika. Wosia wenyewe unabaki, fungu la shahidi ndilo linaloanguka. Maana yake ni kwamba ulipomsainisha mama watoto kama shahidi, uliweka shakani kila ulichomwandikia. Na kijana mkubwa vilevile.

Kwa upande wa mila mambo ni tofauti kidogo. Mwenye wosia anayejua kusoma na kuandika anatakiwa awe na mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anatakiwa awe na wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Juu ya hao, mke aliyepo nyumbani anatakiwa ashuhudie. Unaona ugumu: sheria moja inamtaka mke awepo, nyingine inamnyang'anya fungu akisaini.

Mimi wateja wangu wenye hali kama yako huwashauri hivi. Tafuta mashahidi wanne. Wawili wawe ndugu wa ukoo ambao hawapati chochote katika wosia, wala wake zao hawapati. Wawili wawe watu baki wenye heshima, kwa mfano mchungaji na mwalimu mwenzako. Wote wakae chumba kimoja kwa wakati mmoja, wakuone unasaini, nao wasaini palepale kwa majina kamili na tarehe. Weka saini fupi kwenye kila ukurasa. Mke wako awepo, asikie, lakini asisaini kama shahidi wa wosia. Aandike karatasi yake ya pembeni kwamba alikuwepo na anaufahamu wosia huo. Hakuna haja ya mashahidi kusoma yaliyomo kama hutaki. Wanashuhudia saini yako na akili yako timamu. Na kwa kuwa mwaka jana uliugua, pata na barua ya daktari ya siku hizohizo inayosema una akili timamu. Wosia mwingi hupingwa kwa dai kwamba mzee aliandikishwa akiwa hajielewi, na barua hiyo fupi hulikata dai hilo mapema.

Sasa mali yenyewe. Unaweza kuiita nyumba yako kwa sababu hati ina jina lako. Jina kwenye hati halimalizi habari. Sheria ya Ardhi inatambua kwamba mwenza aliyechangia kwa kazi yake kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake anapata haki ndani yake, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa, kuwekwa rehani au kutolewa bila ridhaa ya mwenza. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, lakini msingi wake unagusa hata mirathi, kwa sababu huwezi kurithisha kisicho chako. Kwa hiyo wosia useme wazi: sehemu fulani ya nyumba ni ya mke wangu kwa haki yake, na sehemu yangu naigawa hivi. Bora zaidi, mkiwa wazima wote wawili, nendeni ofisi ya ardhi mkaongeze jina lake kwenye hati. Nadhani hatua hiyo itamlinda kuliko aya yoyote utakayoiandika. Na ukitaka aishi humo maisha yake yote kabla watoto hawajaigusa nyumba, liandike hilo kwa maneno yasiyo na utata.

Kihamba ni suala zito zaidi. Kwanza jiulize kama baba alikupa kiwe chako au alikukabidhi ukishike kwa niaba ya ukoo. Kama kuna karatasi, minutes za kikao au hatimiliki ya kimila kutoka kijijini, ndizo zitakazosema. Kama hakuna, itisha kikao ukiwa hai, kwa sababu mashahidi wa jambo hilo wanazeeka pamoja na wewe. Pili, kwa desturi ya Wachagga kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki kwenye kihamba cha wazazi, na kwako huyo ni kijana uliyeandika hatapata kitu. Ukoo utalishika hilo siku ya kwanza baada ya matanga.

Je, binti anaweza kupewa kihamba? Watu watakuambia haiwezekani. Kanuni za 1963 zinampa mwanamke haki ya kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuiuza. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilisikiliza kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza uzeeni kwa kukosa wa kumtunza, akashtakiwa na mtoto wa ndugu yake. Jaji alisema kanuni inayomzuia mwanamke kuuza huku ikimruhusu mwanamume inapingana na Katiba. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwa hiyo kisheria mlango uko wazi. Kama atakaa Machame kwa amani ni swali lingine, na wewe unawajua ndugu zako kuliko mimi. Baadhi ya wazazi huwapa mabinti mali ya mjini na kuwaachia wavulana ya kijijini, kila mmoja akijua thamani yake. Sioni aibu katika mpango huo kama hesabu zake ni za haki.

Binti wa kabla ya ndoa, Mwalimu, ndiye anayekuhitaji zaidi kwenye karatasi. Usipoandika, kwa mila na kwa ile sheria ya zamani atakutana na hoja kwamba si mtoto wa ndoa. Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza mtoto kubaguliwa na kunyimwa mali ya mzazi, na mahakama zimekuwa zikisogea upande huo, lakini yeye sasa ni mtu mzima na ubishi utakuwa mrefu. Wosia unaumaliza. Mtaje kwa jina lake kamili, andika "binti yangu", eleza unachompa. Hakikisha na cheti chake cha kuzaliwa kina jina lako. Laiti ungekuwa Mwislamu ningekuambia jambo tofauti: mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba, ila baba anaweza kumuusia, na wosia wote kwa pamoja usizidi theluthi ya mali, kwa kuwa theluthi mbili zina mafungu yake, mke akiwa na thumni (moja ya nane) kama kuna watoto.

Tuje kwa kijana wa pili. Kwa sheria ya 1865 una uhuru wa kumwacha mtoto mtu mzima bila kitu. Kwa kanuni za mila huna uhuru huo hivihivi: unatakiwa umtaje, useme sababu, naye apewe nafasi ya kujitetea. Sababu zinazotajwa ni nzito, kama kumjeruhi mzazi au kujaribu kumuua, kuzini na mke wa baba, au kumtelekeza mzazi wakati wa njaa au ugonjwa. Ulevi wenyewe utabishaniwa. Na nikuulize kama mtu anayeona mashauri haya yakifika mahakamani: unataka kumwadhibu, au unaogopa atakunywa fungu lake? Swali lako linanipa hisia kwamba ni la pili. Kama ndivyo, kumnyima kabisa si dawa. Ndiye atakayefungua pingamizi, ndiye kitinda mimba wa kiume, na ndugu watakaomhurumia watampa nauli ya kwenda mahakamani.

Hapa ndipo ile trasti ya rafiki yako inapoingia, kwa sura ndogo. Amana ni mpango ambao mali inashikwa na mdhamini kwa faida ya mtu mwingine. Mdhamini anaonekana kama mmiliki, lakini hawezi kuitumia kwa tumbo lake. Unaweza kuiweka ndani ya wosia kwa aya mbili tu. Kwamba fungu la kijana wa pili lishikwe na wadhamini wawili, wamlipie matibabu, kodi ya chumba na chakula, na akikaa muda fulani bila pombe wamkabidhi. Kihamba aishi na alime, asiuze. Fungu la binti wa miaka 15 nalo lishikwe hivyohivyo, alipiwe ada hadi umri utakaoutaja, 21 au 25. Mtoto hawezi kusimamia mali, na usipomteua mdhamini, atakayejitokeza kuishika atakuwa yeyote mwenye sauti kubwa.

Kuandikisha wadhamini kama chombo kamili kwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, kunawezekana hata kwa watu wenye undugu. Lakini chombo hicho kina katiba, vikao, taarifa za kupeleka, na hakiendi bila gharama. Kinafaa familia yenye biashara inayotakiwa iendelee kwa vizazi, au yenye mtoto mwenye ulemavu atakayehitaji malezi maisha yote. Kwa nyumba moja, kihamba na akiba ya mstaafu, naona mzigo wake unazidi faida.

Ushauri wa kaka yako wa kuhamisha hati ndio unaonitia hofu kuliko yote. Ukihamisha leo, leo nyumba si yako. Kijana akikopa, benki itaishika. Akidaiwa, itakamatwa. Akiachana na mkewe, nyumba yako itakuwa mezani kwenye shauri lao. Akitangulia yeye, Mungu apishe mbali, itaingia kwenye mirathi yake na wewe na mama mtakuwa wapangaji kwa hisani ya mkwe. Bila ridhaa ya mke wako uhamisho wenyewe ni batili kwa maana kubwa. Na kuhamisha hati kuna kodi na ada zake, wakati Tanzania haina kodi ya urithi unayoikwepa.

Wala hutakwepa mahakama. Hata wosia mzuri hauwapi warithi ufunguo moja kwa moja. Uliyemteua kuutekeleza atakwenda mahakamani na cheti cha kifo na wosia wenyewe, tangazo litolewe, mwenye pingamizi asikilizwe, kisha apewe hati ya kusimamia. Mirathi inayofuata mila au Uislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi hupewa miezi minne kuleta orodha ya mali na hesabu za mgawanyo. Nyingine huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, ambako orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Kazi ya wosia ni kufanya safari hiyo iwe fupi. Msimamizi naye si mrithi mkuu, kosa hilo limevunja familia nyingi. Ni mtumishi wa mali: anakusanya, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu. Teua wawili, mama watoto na mtu mmoja mtulivu, na uwaulize kwanza kama wanakubali. Kumwachia kijana mkubwa peke yake kwa kuwa ni mkubwa tu, mimi nisingefanya.

Mambo mawili madogo. Jina la "mrithi" uliloandika benki halimfanyi awe mmiliki wa fedha. Benki itataka barua ya mahakama. Mafao ya mfuko wa pensheni nayo huenda kwa wategemezi wanaotajwa na sheria ya mfuko, si kwa wosia, basi nenda kahakikishe majina ya mke na watoto yako sahihi huko.

Wosia mpya uanze kwa kusema unafuta mwingine wowote wa nyuma, na usije ukaukata kwa kalamu baadaye. Ukibadili mawazo, andika mwingine kwa mashahidi kamili. Nakala halisi iweke RITA, ambao huandika na kutunza wosia kwa ada, au kwa wakili, na msimamizi ajue ilipo. Kama gharama ya wakili ni kikwazo, mashirika ya wanasheria wanawake WLAC na TAWLA hutoa msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo katika wilaya nyingi.

Kwa hali yako lakini, nakusihi usiandike peke yako. Una ardhi ya ukoo, mtoto mdogo, mtoto wa nje ya ndoa na mtu unayetaka kumzuia; kila kimoja kinahitaji sentensi iliyopimwa. Onana na wakili ana kwa ana, wewe na mke wako pamoja, mkiwa na hati ya nyumba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wanne, karatasi yoyote ya kihamba na orodha ya madeni. Kama nyumba ina mkopo, au kuna ndugu ameshaanza kulima ndani ya mpaka wa kihamba, mwambie wakili hayo kabla ya mengine yote.